Siku Nilipomzika Mtani Wangu Naye Anatazama

Tulinunua ndoo saba. Nne nyekundu na tatu za buluu, na Bi Mkubwa akazipanga ukutani kwa ukubwa, utadhani mtu anayetapika hupata nafasi ya kuchagua. Tulinunua pia kamba ya manila mita kumi, tangawizi kilo mbili, na turubai la kufunika zulia, maana zulia lilikuwa la mwenye nyumba na yule Mchina hakuwa mtu wa kusahau doa. Visu vyote vya jikoni nilivifunga ndani ya kanga nikavikalia. Kisha tukakaa vitini, mimi na Bi Mkubwa, tukamtazama mtani wangu pale kitandani, tukangoja aanze kuteseka.

Hakuanza. Alikoroma.

Hapo ni Guangzhou, China, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati Waafrika wa mtaa wetu wa Xiaobei tulikuwa wachache kiasi kwamba mtu akipiga chafya kwenye jengo la Tianxiu, jioni unaulizwa hali yake soko la Shahe. Mimi ni Mzaramo wa Dar es Salaam. Nilikuwa nanunua blauzi za kike Shahe kwa marobota, nazisafirisha Kariakoo. Mume nilikuwa nimemwacha, au yeye ndiye aliyeniacha, inategemea unamuuliza nani. Bi Mkubwa alikuwa mama wa Kiunguja mwenye miaka sitini na kitu, aliyekodi nyumba ya vyumba vitatu ghorofa ya sita, akiwapikia pilau na mchuzi wa samaki wafanyabiashara waliochoshwa na tambi. Mimi nililala chumbani kwake. Chumba cha pili kilikuwa cha katoni. Cha tatu alipanga mtani wangu, Mnyamwezi wa Tabora, mnunuzi wa viatu.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa zake. Mbele za watu nilikuwa namwambia kwamba babu yake alibeba jino la tembo miezi mitatu kutoka Tabora, akafika Bagamoyo akasahau alichotumwa, akalibeba tena kurudi nalo. Naye alinijibu kwamba babu yangu aliuza shamba ili acheze ngoma wiki nzima, wiki ilipokwisha akauliza nani ananunua nyumba. Hakuna kununa. Anayenuna anatozwa kuku. Mama yake mtani, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa akinitumia michembe ya viazi vitamu na asali kwa kila aliyesafiri, pamoja na ujumbe kwamba anasikitika Wazaramo hawajawahi kuonja chakula.

Mtani alikuwa mtu wa kasi. Alimaliza masoko manne kwa siku, alizungumza lugha tatu kwa mpigo na zote hakuzijua, na wakati mwingine alifuta vumbi kwenye katoni alfajiri akipiga mluzi. Nilidhani ni kipaji. Nilimwonea hata wivu. Mwezi wa kumi na mbili, wiki moja baridi ilipobana, alirudi nyumbani na katoni arobaini za glovu za sufi, zile nene za watu wa theluji. Za kupeleka Dar es Salaam. Alitueleza kwa saa mbili, amesimama wima, kwamba hali ya hewa ya dunia inageuka na atakayewahi glovu Kariakoo ndiye mfalme. Bi Mkubwa akasema jasho la Dar es Salaam halijapata habari hiyo. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Hatukujua kuwa aliyekuwa anasema si yeye.

Jumatano moja asubuhi tulikuwa soko la viatu la Liuhua, mimi nimemsindikiza tu, yeye anagombania bei ya sandali. Katikati ya neno akashika kifua, akakaa juu ya katoni, uso umekuwa rangi ya majivu. Mwenye duka akaona hiyo ni mbinu mpya ya Kiafrika, akashusha bei. Akashusha tena. Aliposhusha mara ya tatu ndipo akagundua kwamba mteja hamsikii, akaanza kuita watu.

Nilimrudisha kwa teksi mpaka kwa daktari wa ghorofa ya chini ya jengo letu, mama wa Kichina aliyestaafu hospitali, mwenye chumba kimoja, kitanda kimoja na chupa ya chai kubwa yenye picha ya kasuku. Alimsikiliza kifua muda mrefu. Akamtazama macho, akamtazama pua, hapo akatazama zaidi. Kisha akachukua karatasi, akachora pua, na chini ya pua akachora mstari mmoja mwembamba. Akamsogezea mtani. Mtani akatazama ukuta, akatikisa kichwa kukubali.

Kichina changu kilikuwa cha sokoni: bei gani, ghali mno, sitaki, hakuna. Kiingereza cha daktari kilikuwa kidogo na changu kidogo zaidi. Kwa hiyo alitumia ishara. Alionyesha kulala, akaonyesha kula, akarudia kulala, nami nikaelewa kwamba mgonjwa apumzike mpaka kesho. Halafu akachora mstari wa pili chini ya ile pua, akagusa kifua cha mtani, akasema neno moja ambalo wauza blauzi wa Shahe wananiambia mara thelathini kwa siku saizi niitakayo ikiwa imekwisha: meiyou. Hakuna. Kwa blauzi neno hilo huniudhi tu. Siku ile nilielewa kwamba mstari mmoja zaidi na mtani hatakuwepo, nikaomba kiti.

Ghorofani, Bi Mkubwa alikagua koti la ngozi la mtani, akakuta kifurushi kidogo ndani ya soksi. Alivaa glovu moja ya sufi, akakishika kwa ncha za vidole mpaka chooni, akavuta maji mara tatu, akamwagia na dawa ya madoa, kisha akaitupa na glovu. Alisema anayajua mambo haya. Mwana wa ndugu yake kule Unguja alitumia heroini, na alipojaribu kuacha, yeye ndiye aliyemuuguza: arosto, kutapika, kuhara, kutetemeka, kulia kwamba mifupa inatafunwa. Habari za mwisho wake hakuzitaja nami sikuuliza. Nilishuka kununua ndoo.

Basi ndiyo hiyo hali tuliyokuwa tumejiandaa nayo. Mtani alilala Jumatano, akalala Alhamisi. Ijumaa Bi Mkubwa alimwekea kioo puani kuona kama kinapata ukungu, kikapata. Jumamosi mchana akaamka, akasema ameota anagombania bei na ng'ombe na ng'ombe ndiye aliyeshinda, akauliza kuna nini cha kula. Alikula pilau ya wateja kumi na mmoja. Sitii chumvi, niliwahesabu wale wateja walipokuja wakapewa kabeji. Akaomba ndizi. Akala matango yaliyokuwa ya kachumbari bila kuyamenya. Kisha akarudi kulala, na ndoo saba zikabaki kavu ukutani, mpaka Bi Mkubwa akaona haya kuziacha bure akawa analoweka ndani yake maharage.

Siku ya sita Bi Mkubwa akatangaza kwamba mgonjwa amepona. Arosto imempita pembeni, ni dua ya mama yake. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la kwetu kabisa: tulikuwa tunaujua ugonjwa mmoja tu, na huu mwingine ulipokataa kufanana nao tukausomea shukrani, tukachinja kuku.

Mimi sikutulia. Mtani alikuwa anakaa mbele ya televisheni akitokwa na machozi kwa tangazo la sabuni. Chai alisema haina ladha, mchezo wa karata hauna ladha, hata viatu vipya, ambavyo zamani alikuwa akivinusa kwa raha, aliviangalia tu. Asubuhi moja nikamwambia babu yake alibeba jino la tembo kichwa chini miguu juu. Akanitazama akasema, "Kweli, alikuwa mjinga." Jamani, mtani anapokubaliana nawe, hiyo ni hatari. Nilivaa viatu nikashuka kwa daktari.

Nilimwigizia: nikalia, nikakaa kinyonge, nikasukuma chakula cha hewani. Alinielewa mara moja, akacheka kidogo kwa namna nilivyolia, kisha akachukua ile chupa ya kasuku. Akagusa kichwa chake, akagusa chupa. Akamimina kikombe kidogo cha maji ya moto, akakinywa, akatabasamu: hiyo ndiyo raha ya kila siku, kikombe kwa kikombe. Halafu akachukua ile karatasi yenye pua, akaiweka juu ya chupa, akaimimina chupa nzima kwenye sinki. Mvuke ukajaa chumba. Akaitikisa: tupu. Akawasha jiko, akaweka birika, akakaa akikunja mikono, akaniashiria nami nikae. Tulikaa mpaka likachemka. Lilichukua muda mrefu, na nadhani alitaka hivyo.

Nilimuuliza kwa vidole kama kuna dawa. Meiyou. Dawa ya hiyo hakuwa nayo, wala hakujua aliye nayo. Yapo mambo, na aliyachora yote: alale, ale, atembee, asiachwe peke yake, watu wa zamani aliokuwa akitumia nao asiwaone hata kwa mbali. Na hamu itakuja. Hapo alichora kilima. Inapanda, inafika juu, inashuka yenyewe, dakika kadhaa tu. Kazi ni kukaa na mgonjwa mpaka ishuke. Na kilima kingine kitakuja, na kingine, kwa miezi. Tulivyodhani yamekwisha ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Nilipompa Bi Mkubwa habari hizi alisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Lakini hayo yabaki kwetu. Aibu ya mtu husitiriwa."

Na tukasitiri kweli. Tulimwambia kila mtu ni malaria. Matokeo yake jengo zima likapanda ghorofa ya sita kutoa pole. Mkenya mmoja alileta uji wa wimbi akasema, "Pole buda, malaria ni noma." Mkongo akaleta dawa ya mitishamba kwenye chupa ya manukato. Mtani akawa na vidonge vya malaria vya kutibu kijiji, akivipokea kwa mikono miwili na kusema asante, na kila akisema asante nilimwona anazidi kuzama kwenye kiti. Kusitiriwa kuna raha yake, lakini kunaziba mdomo wa anayesitiriwa.

Siku moja akaja mtanashati mmoja, mtu wa Afrika Mashariki kama sisi aliyekaa Hong Kong, kiatu kinang'aa, na mfuko wa machungwa. Amesikia rafiki yake ana malaria. Bi Mkubwa akamkaribisha chai na vitumbua. Wangejua watu ugonjwa wenyewe, wa kwanza kutuonya dhidi ya mtu huyu angekuwa yule Mkenya, maana baadaye tulikuja kuambiwa kwamba mtaa mzima ulimjua kwa biashara yake. Lakini nani ataonya nini mbele ya malaria? Waliongea nusu saa, kwa sauti ya chini. Alipoondoka mtani alichangamka. Alinitukania babu yangu kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, nami mpumbavu nikafurahi mpaka nikamsahau daktari na kilima chake.

Kesho yake akaomba pasi yake ya kusafiria. Viza inaisha, alisema, Jumanne anakwenda Hong Kong kuipata nyingine, kama tulivyokuwa tukifanya wote. Bi Mkubwa alikuwa ameificha ndani ya debe la mchele. Aliitoa, akaipangusa unga wa mchele, akampa kwa mikono miwili bila kuifungua, kwa sababu kufungua pasi ya mtu mzima ni kumvunjia heshima.

Jumanne asubuhi mtani alikuwa anaoga, anapiga mluzi. Begi lake lilikuwa wazi mlangoni, na mimi si mtu wa kupita begi lililo wazi. Shati moja. Koti la ngozi juu ya kiti. Picha za viza hakuna. Mtu anayekwenda kuomba viza bila picha haendi kuomba viza. Nilisimama pale nikaisikia ile meiyou ya daktari kama vile ananisemea sikioni.

Nilikwenda jikoni nikamwambia Bi Mkubwa. Naye aliogopa, lakini akasema mtu mzima havuliwi nguo, nitamshitaki kwa ushahidi gani, picha? Nikakasirika. Nina hasira za karibu na siwezi kuzificha. Nilimwambia kwa heshima zetu hizi tutamzika, na tutamzika kwa heshima sana. Halafu neno lenyewe likanipa akili. Kwetu, mtani akifa, watani ndio wanaokuja msibani kuvaa nguo zake, kuigiza alivyotembea na alivyojidai, kulala mbele ya jeneza na kulizuia mpaka walipwe ada. Hakuna awezaye kuwakasirikia. Ruhusa ninayo ya kumfanyia hivyo akifa. Kwa nini nisubiri afe?

Nilikuwa na dakika za mluzi tu. Nilivuta katoni sita za glovu nikazipanga kwa urefu katikati ya njia ya kutokea, nikazifunika kanga. Nikamwaga maharage kwenye sinki, nikazigeuza ndoo zote saba kichwa chini kuzunguka jeneza, kila moja nikaivika mtandio: waombolezaji. Nikavaa koti lake la ngozi, miwani yake ya jua, glovu mikono yote miwili. Alipotoka kuoga akiwa amevaa, begi mkononi, nilikuwa nimesimama kichwani pa marehemu.

"Kuna nini?" akauliza.

"Msiba," nikasema. "Mnyamwezi mmoja amefariki Hong Kong. Marehemu hazungumzi, tafadhali."

Bi Mkubwa alitokea jikoni na mwiko wake, akaona ndoo zimevaa mitandio yake, akasema, "Astaghfirullah. Kifo hakichezewi. Vunja haya mambo." Mtani ndiye aliyemzuia. Alisema mwache, Bi Mkubwa, huyu ni mtani wangu, hii ni haki yake. Akaegemea ukuta akatazama saa. "Nizike upesi tu, treni itaniacha."

Basi nikamzika. Nilitembea kama yeye, kifua mbele, mikono inakata hewa. Nilihutubia ndoo kuhusu theluji ya Kariakoo. Nilivuta pua kila baada ya maneno matatu, nikajipangusa kwa glovu, nikajitazama kwenye kioo, nikavuta tena. Nikamwendea mchimba kaburi, ambaye alikuwa jokofu. "Laoban," nikamwambia, bosi, kama tunavyowaita wenye maduka, "kaburi hili bei gani? Ghali mno. Nikichukua dazeni?" Mtani alianza kucheka kwa pua, akajizuia, ikamshinda, akacheka mpaka akakaa juu ya begi lake. Hata Bi Mkubwa aligeukia ukuta na mabega yake yakawa yanacheza.

Nilitaka kumaliza kwa kituko kikubwa. Nilichukua mkono wa simu ya mezani, nikajifanya napiga Tabora kwa mama yake. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba mwanawe amekufa kwa kulemewa na glovu, kama babu yake alivyolemewa na jino la tembo.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Ni mimi, yule mtani wa mwanao. Michembe ilifika, asante. Mama, kaa chini kwanza."

Simu ilikuwa inavuma tu sikioni, lakini niliona mkeka, niliona mwanamke ambaye sura yake siijui anakaa chini kwa sababu nimemwambia akae, na amekunja miguu ananisubiri niseme. Kituko kilinitoroka. Nikamgeukia mtani.

"Anauliza umekufa na nini," nikamwambia. "Nimwambie malaria?"

Miwani yake ya jua ilikuwa imejaa machozi yangu, nami nikaona aibu kubwa, maana mtani anayelia msibani ameharibu kazi. Mtani aliinuka kwenye begi. Alinitazama mimi, akatazama lile jeneza la katoni, akatazama ndoo moja moja.

"Mwambie kokeni," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza nalisikia neno hilo kinywani mwake. "Malaria mama anaijua. Hatakuamini."

Nikaweka simu chini, nikajilaza juu ya katoni, nikaunyoosha mkono wenye glovu. Mtani haondoki bila ada. Akaniuliza nataka kuku, nikasema sitaki kuku. Goti lake la kulia lilikuwa linacheza, nikajua kilima kimeanza kupanda, na kwamba akiniruka sina nguvu ya kumzuia mwanaume mzima. Akatia mkono mfukoni akaniwekea pasi juu ya ile sufi. Niliifungua palepale, mimi sina heshima. Viza ilikuwa bado ina wiki tano.

Saa ya treni ilikuwa mbaya. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, alitutukana wote wawili na si kiutani, alisema anakufa na kwamba tunafurahi. Bi Mkubwa akamwekea mbele ndoo iliyojaa vitunguu saumu, akamwambia amenye. Alimenya akiwa amevaa glovu, kwa hasira, akiacha nusu ya maganda, na sisi tukakaa pande zake mbili tukimenya pia. Ndipo Bi Mkubwa akasema, akitazama kitunguu chake, "Yule mwana wa ndugu yangu, nilisema malaria vilevile. Tukamzika na malaria yake." Hakuongeza. Mtani aliacha kumenya, akamsogezea vitunguu vyake vilivyokwisha menywa, vile vichache. Kilima kilishuka. Tulikuwa na vitunguu saumu vya kuulia mtaa.

Sitasema alipona siku ile. Alianguka mara moja tena, na aliyenipa habari alikuwa yeye mwenyewe, alikuja mpaka Shahe kunitafuta kati ya marobota. Tulishuka naye kwa daktari, akamsikiliza kifua muda mrefu kuliko mara ya kwanza, kisha akachukua birika bila kugomba, akalijaza maji upya. Glovu nazo zilinunuliwa zote na watu wa viwanda vya samaki vya Mwanza, wanaoshinda kwenye vyumba vya barafu, na tangu hapo hatujapumua kwa kujisifu kwake.

Lakini Jumamosi ya wiki ileile ya msiba, mchana, mlango uligongwa. Bi Mkubwa alifungua. Ni yule mtanashati wa Hong Kong, kiatu kinang'aa, machungwa mkononi. Amengoja Jumanne hakumwona mwenzake, akaona aje amjulie hali. Malaria inaendeleaje?

Niliinuka kwenda kusema uongo mwingine. Bi Mkubwa akanizuia kwa mkono.

"Hana malaria," akamwambia, kwa sauti ambayo ghorofa ya tano waliisikia. "Ana kokeni. Nasi anayemletea tumeshamjua. Una lingine?"

Sauti ya mtani ikatoka jikoni, katikati ya vitunguu.

"Mwambie nilizikwa Jumanne, Bi Mkubwa. Na matanga yamekwisha."

Bi Mkubwa akamfungia mlango usoni. Kisha akaufungua tena, akachukua machungwa.